Maji Yaliyoamsha Mkono

Maji ya kuoga ya Bi Mwanabibi yalikuwa yanapoa njiani. Fauzia, mke wa mwanawe, aliyachemsha jikoni kwenye sufuria kubwa, akayabeba akikatiza ua hadi bafuni, na hadi amalize kumvua mama mkwe wake khanga, kumkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumwekea vizuri mkono wa kushoto usiojiweza, mvuke ulikuwa umekwisha. Ilikuwa Juni. Mwezi huo asubuhi za Nachingwea huja na ukungu unaolala juu ya mikorosho, na jua huchelewa kana kwamba nalo linaogopa kutoka nje. Bi Mwanabibi hakulalamika. Alitetemeka tu, na nusu ile ya mwili iliyopigwa na kiharusi ikazidi kukakamaa, hata Fauzia akashindwa kumnyoosha vidole amwoshe katikati yake.

"Mwagia tu, mwanangu," mama alisema. "Umalize. Una kazi zako."

Kazi za Fauzia zilikuwa barazani, cherehani na rundo la sare za shule. Kazi za Mustafa, mumewe, zilikuwa kwenye mashine yake ya kusaga karibu na soko. Mustafa alikuwa akitoka kabla mama yake hajaamshwa, akirudi mama akiwa amekwisha kula na kugeuzwa ukutani alale. Hakuwa mtoto mbaya. Ni yeye aliyemfuata mama kijijini Kilimarondo, akamleta nyuma ya kenta juu ya godoro, akimshika kichwa njia nzima kila gari liliporuka kwenye mashimo. Lakini tangu siku ile hakuweza kuutazama ule mkono. Kilimarondo nzima ilikuwa inauita mkono ule mtoto anapozaliwa, umwoshe, na ilikuwa inauita mwanamke anapofariki, umwoshe pia. Sasa ulikaa mapajani mwa mama kama kitu alichoachiwa na mgeni, asijue pa kukiweka.

Siku moja Fauzia aliamua kuyashinda maji kwa ujanja. Aliyachemsha zaidi ya kawaida ili yafike bafuni yakiwa bado na moto. Alionja kwa kiwiko, akaona yanavumilika, akamimina. Mama hakusema kitu. Jioni, alipokuwa anambadilisha nguo, Fauzia aliona lengelenge kubwa kwenye paja la kushoto, linang'aa. Maji yalikuwa yamemuunguza na mwenyewe hakusikia.

Fauzia alilia jikoni huku akipunga mkono kufukuza moshi, ili Amna, binti yao wa sekondari, adhani ni moshi. Mustafa aliporudi alimwonyesha lile paja. Mustafa alilitazama kidogo tu, akatoka nje, akasimama uani muda mrefu ameshika kiuno.

"Nitanunua hita," alisema aliporudi ndani. "Maji yawe yanatokea ukutani."

*

Ruangwa Mustafa alikwenda kwa ajili ya mkanda wa mashine, na duka la vifaa vya umeme lilikuwa mkabala na stendi. Mwenye duka alikuwa mwanamke aitwaye Dionisia, aliyevaa ovaroli na kilemba, fundi na muuzaji kwa pamoja. Mustafa alimweleza anachotaka.

"Nyumba yenu ina ethi?" Dionisia aliuliza.

"Nyumba ina umeme."

"Umeme ni mmoja na ethi ni nyingine, kaka. Ethi ni ule waya unaoshuka ardhini. Umeme ukivuja, unapita huko badala ya kupita kwa mtu."

"Mimi nina mashine ya kusaga. Umeme naujua."

Dionisia hakubishana. Aliuliza kama maji ni ya bomba au ya kisima, akaambiwa ni ya kisima na yana chumvi kidogo, sufuria zinabaki nyeupe chini. Basi akamshika mkono, akampeleka mbele ya hita ya tangi iliyoning'inia ukutani, nyeupe, pana kama ngoma. Akamwambia hii ndiyo inayodumu. Ndani tangi limepakwa rangi ngumu isiyoshika kutu, koili yake, chuma kinachopasha maji, inafunguka ikasafishwa, na ina kijiti cha madini ambacho kutu hukila hicho kwanza na kuliacha tangi. Hizi ndogo za kuchemsha papo hapo ni nzuri, lakini kwa maji matamu. Chumvi ikiganda kwenye koili ndogo, inaipasua.

Mustafa alisikiliza nusu. Nyuma yake alisimama mzee mmoja aliyekuja kununua balbu, naye alikuwa anasikiliza yote. Mustafa aliona aibu ya mtu anayechagua kitu mbele ya macho ya watu huku mfuko wake ukijua jibu mapema. Aliinyooshea kidole ile ndogo, isiyozidi ukubwa wa mkate.

"Hii inachemsha?"

"Inachemsha."

"Basi nifungie hiyo."

"Nije kuiweka?"

"Nitaweka mwenyewe."

Akaiweka mwenyewe, Jumapili, mashine ikiwa imefungwa. Alishusha bomba la chuma kutoka kwenye hita hadi usawa wa kiti cha mama, na kwenye bomba hilo akabana chuma cha kushikia, alichochomelewa na rafiki yake, ili mama asiteleze. Nyaya za hita zilikuwa tatu. Nyaya zilizotoka ukutani zilikuwa mbili. Ule wa tatu, wa kijani na njano, aliutazama kidogo, akauzungusha kwenye kidole kama mtu anayekunja uzi, akauficha nyuma ya kifuniko. Akawasha. Maji yakashuka yakiwa na moshi wake.

*

Fauzia hakuwahi kumwona mtu anaoga vile. Mvuke ulijaa bafu lote hadi dirisha likapotea, ukuta ukapotea, ikabaki sauti ya maji na uso wa mama mkwe wake umeinuliwa juu, macho yamefumbwa. Maji hayakuwa yanapoa. Yalimshukia mabegani na kumzunguka, na misuli iliyokuwa imejifunga kama fundo ikaanza kulegea polepole, na vidole vikakubali kunyooshwa.

Ndipo akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa Kimwera na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, Fauzia akashika vipande. Alisema juu ya shamba la Kilimarondo kukiwa bado giza, mtama umesimama, na tembo wanapita mle ndani bila kuvunja kijiti, wakubwa namna ile na hawana sauti, mtu anajua tu kwamba nyota zimefunikwa. Alimtaja marehemu mumewe akimwambia alale, wanapita tu. Alitaja watoto aliowapokea, na jinsi mtoto akiingizwa kwenye maji ya uvuguvugu anavyofungua ngumi mwenyewe, bila kulazimishwa.

"Yaache kidogo," mama alisema, Fauzia alipotaka kufunga maji. "Nipo mbali."

Fauzia akayaacha. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kandambili zake za mpira zikiwa zimezama katika maji, naye akajisikia kama aliye mbali pia, na cherehani na sare vikawa vya mtu mwingine.

Asubuhi nyingi zilipita hivyo, kila moja nyeupe kama iliyotangulia. Mvuke wa bafuni ulitoka kwa dirisha ukachanganyika na ukungu wa uani, na Amna akiwa anapiga mswaki alisema bibi siku hizi anaishi mawinguni.

Ni katika asubuhi mojawapo ya hizo ambapo Fauzia, kama kawaida, aliuchukua mkono wa kushoto wa mama na kuuweka kwenye chuma cha kushikia, kisha ule mzima akauweka kando yake. Alipogeuka kuchukua sabuni aliona kidole kimeruka. Alidhani ni mvuke. Akainama. Kidole cha shahada kikaruka tena, kikafuatiwa na cha kati, vikitetemeka kama mkia wa mjusi.

"Mama, unakitikisa wewe?"

Bi Mwanabibi aliutazama mkono wake muda mrefu.

"Hata," alisema. "Kinajitikisa."

Fauzia alimfunga khanga haraka, akamwacha akiwa bado na povu begani, akakimbia hadi barabarani akamkuta Mustafa, aliyechelewa siku hiyo, anawasha pikipiki. Mustafa aliingia bafuni kwa mara ya kwanza mama akiwa ndani, akageuza uso pembeni kwa heshima, akautazama mkono peke yake. Wakaurudisha kwenye chuma. Vidole vikacheza.

"Mama, unasikiaje?" aliuliza. "Mkono unasikia kitu?"

Mama akamtazama mwanawe. Uso wa Mustafa ulikuwa umelowa mvuke, umefunguka, kama uso aliokuwa nao akiwa hajafika hata umri wa kwenda jandoni.

"Unatekenya," alisema.

Siku ile mashine haikufunguliwa. Mustafa alikaa kitandani kwa mama yake akiusugua ule mkono kwa mafuta ya ufuta, kidole baada ya kidole, wakazungumza hadi adhuhuri. Kesho yake vilevile, alingoja mama aoge kwanza. Akarudi kula naye mchana. Kule mashineni aliwaambia wanawake waliopanga foleni na ndoo za mahindi kwamba mama anapona, maji ya moto yanaamsha mishipa, na wanawake wakatikisa vichwa wakasema Mungu mkubwa.

*

Habari haikai ndani ya ukuta. Agatha, jirani yao, alikuja na sahani ya kisamvu akaomba kuuona mkono. Mumewe, Tomasi, alikuwa fundi mwashi hadi mguu mmoja ulipokufa ganzi, na sasa alishinda kibarazani akihesabu pikipiki.

"Mnisaidie, Mama Amna," Agatha alisema kwa sauti ya chini, akikunja ncha ya kitenge chake. "Hata mara moja tu. Akae na yeye kwenye yale maji. Sabuni nitakuja na yetu."

Fauzia alisema atamuuliza mwenye nyumba. Mwenye nyumba alijibu kabla hajamaliza kuulizwa. "Waje Jumamosi. Maji ni ya Mungu."

Ijumaa yake, Fauzia akiwa anamsuuza mama, kamba ya kandambili yake ya kulia ilikatika. Aliisukuma kando kwa mguu, akakanyaga sakafu iliyolowa peku, akashika chuma ili ajiegemeze.

Kitu kilimng'ata kiganjani kikapanda hadi kwenye jino. Aliurudisha mkono kwa nguvu hata akagonga ukuta. Alisimama katika mvuke, maji yakimwagika bila mtu, mama akiwa amefumba macho, ametulia, vidole vya mkono wa kushoto vinacheza juu ya chuma. Na Fauzia akaelewa vilikuwa vinachezeshwa na nini.

Aliunyanyua ule mkono kwenye chuma kwa kutumia khanga. Vidole vikalala. Alivaa tena kandambili iliyokatika, akaishikilia kwa vidole vya mguu, akaenda kuzima swichi. Maji yakawa baridi.

"Yameisha?" Bi Mwanabibi aliuliza.

"Yameisha, mama."

Alimpangusa, akamvika, akamlaza. Hakumwambia. Alikaa kwenye cherehani na hakushona. Alijaribu kutafuta namna ya kulisema jambo lile bila kumuua mtu, na kila aliyoipata iliishia kwenye uso wa Mustafa ule wa mvuke.

Mustafa alipokuja kula mchana alimsikiliza hadi mwisho, kijiko kikiwa mkononi.

"Unasema umeme."

"Umenirusha, Baba Amna."

"Mimi nimefunga hita ile kwa mkono wangu. Mashine ya kusaga inakula umeme kuliko mtaa huu wote, na naiendesha mimi. Leo wewe wa sindano na uzi unifundishe?"

"Sikufundishi. Nakwambia kilichonishika."

"Kilichokushika ni wivu," alisema Mustafa, na baada ya kulisema alionekana kushangaa kwamba limetoka. Lakini hakulirudisha. "Umechoka kumwogesha. Sasa anapona, na wewe unataka asipone. Basi Amna atamwogesha."

Amna, aliyekuwa anaosha vyombo mlangoni, aliacha kusugua. Fauzia alimtazama binti yake, miguu yake iliyokuwa peku, iliyolowa, kisha akainuka. Alikwenda kwenye boksi la umeme ukutani, karibu na mlango wa bafu, akateremsha swichi ya bafuni, akavuta kiti cha cherehani, akakiweka chini ya boksi, akakalia. Kazi zake za siku ile alizishonea pale kwa mkono, na Mustafa alipotoka alipita mbele yake kama anayempita mgeni kwenye korido ya ofisi.

*

Jumamosi asubuhi Tomasi alifika akiegemea bega la mkewe, taulo jipya shingoni, nywele zimechanwa kwa maji. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Mustafa aliwakaribisha kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kwenye boksi la umeme na kumkuta mkewe amekaa palepale.

"Ondoka, Mama Amna. Watu wamekuja."

"Leta testa yako," Fauzia alisema. "Ile ya mashineni. Iguse tu kwenye kile chuma. Isipowaka nitamwogesha mama mimi mwenyewe, na nitamwomba radhi."

Wageni walikuwa wanasikiliza. Mustafa alicheka, kicheko cha mtu anayemwonea huruma mkewe mbele ya watu, akachomoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Fauzia akapisha. Swichi ikapandishwa, maji yakafunguliwa, mvuke ukaanza kupanda. Mustafa aliingia na viatu vyake, akiwa bado na ile hali ya kucheka midomoni, akagusa chuma kwa ncha ya testa.

Kitaa kiliwaka. Kilikuwa chekundu, kidogo kama punje ya ufuta, na katika ule weupe wote wa mvuke ndicho pekee kilichokuwa na rangi. Mustafa aliondoa testa, kikazima. Akagusa bomba. Kikawaka. Akaisogeza hadi kwenye mkondo wa maji yenyewe, yale maji yaliyokuwa yanamwagikia kichwa cha mama yake kila asubuhi, na kitaa kikafifia, kikatetemeka, lakini hakikuzima.

Fauzia alizima swichi kutoka nje. Maji yalipokoma nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia matone. Mustafa alitoka, akakaa chini juu ya sakafu ya ua, pale pale penye majimaji, na suruali yake nzuri.

"Nisingekatikiwa na kandambili," Fauzia alianza, kisha akaacha. Hakukuwa na haja.

Tomasi ndiye aliyelazimika kuambiwa. Mustafa aliinuka mwenyewe akamwendea, akasema kwa maneno machache kwamba hakuna dawa, ni umeme ulikuwa unavuja, na kama angekaa pale angeweza kufa. Tomasi alisikiliza akikunja taulo lake vizuri, pembe kwa pembe.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilishamwambia Agatha nitakuja kukujengea ukuta wa bafu uwe wa tofali. Nikipona."

Agatha akampa bega, wakaondoka polepole, shati la kanisani likipotea kwenye ukungu kabla hawajafika hata kwenye lango lao.

*

Walikwenda Ruangwa wote wawili, Mustafa na Fauzia, wakamwacha Amna na bibi yake. Dionisia aliwatambua. Mustafa aliongea kabla hajaulizwa.

"Ulisema ethi. Sikusikia."

"Kuna mtu ameumia?"

"Bado."

"Basi shukuruni," Dionisia alisema, akachukua kitambaa akafuta mikono, na hakuligusa tena jambo hilo. Safari hii aliyechagua ni Fauzia. Aliuliza maswali ambayo mumewe hakuwahi kuyafikiria: tangi likipata kutu ndani utajuaje, ile valvu ya pembeni ni ya nini, koili yake ipo dukani au mpaka iagizwe Dar, mtu asiye na nguvu anaweza kuifungua. Dionisia alimjibu moja baada ya jingine. Valvu ni ya kupumulia, ikiziba tangi linaweza kupasuka, basi inuliwe kidogo mara kwa mara itoe maji. Koili ipo, ni nene, na itasafishwa kwa siki. Mustafa alisimama nyuma yao ameshika kofia. Ile fedha ilikuwa ya kununulia jiwe jipya la mashine. Hakulitaja jiwe.

Dionisia alikuja Nachingwea na vifaa vyake siku iliyofuata. Kwanza aliifungua ile hita ndogo juu ya meza ya uani. Koili yake ilikuwa imevaa ganda jeupe, gumu, kama mkono uliochovywa kwenye chokaa, na chini ya ganda hilo chuma kilikuwa kimepasuka kwa urefu. Alimwonyesha Mustafa waya wa kijani na njano, uliokuwa bado umekunjwa kwa umbo la kidole. Mustafa aliupokea, akaunyoosha.

Alichimba shimo la ethi yeye mwenyewe, nyuma ya bafu, na hakukubali kusaidiwa. Dionisia alisimamisha fimbo ya shaba, wakashindilia mkaa na chumvi kuizunguka na kumwagia maji. Kwenye boksi akaweka breka ya kujizima, ile inayokata umeme wenyewe ukianza tu kuvuja, akaijaribu kwa kitufe chake mbele yao hadi wakazoea mlio wake. Chuma cha kushikia kiling'olewa, kikawekwa kishikio cha plastiki ngumu mbali na bomba. Fauzia alifundishwa kuzima, kumwaga maji, kufungua, kusugua, kufunga. Alifungua na kufunga mwenyewe hadi mikono ikakariri.

Tangi jipya lilipowashwa halikutoa sauti. Lilikaa ukutani, kubwa, likipasha maji yake kimya kimya.

*

Hakuna aliyekuwa amemwambia mama. Kwa siku zile alifutwa kwa kitambaa kitandani, akaambiwa hita inatengenezwa. Mustafa alikuwa amesema atamwambia yeye, na kila alipoingia chumbani alipata neno jingine la kusema, akatoka.

Asubuhi ya kwanza ya tangi jipya alikuwa amesimama nje ya mlango wa bafu, karibu na boksi, akijidanganya kwamba anaangalia breka. Ndani, Fauzia alifungua maji. Yalishuka mazito na laini, na mvuke ukapanda, na Bi Mwanabibi akainua uso wake kama zamani. Fauzia aliuchukua mkono wa kushoto, akauweka kwenye kishikio kipya, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Vidole vililala.

Walikaa hivyo. Maji yalimwagika.

"Mama," Fauzia alisema hatimaye, "mkono ule haukuwa..."

"Najua."

Fauzia alimtazama.

"Mkono huu haujawahi kusikia kitu, mwanangu, tangu siku nilipoanguka. Ulikuwa unacheza, nikauona unacheza, kama wa mtu mwingine. Nilichokuwa nasikia nilikisikia huku." Akainua ule mzima. "Kinaingia hapa, kinapita kifuani. Siku nyingine kilikuwa kinanibana hadi nauma ulimi."

"Na hukusema, mama? Ungekufa."

Bi Mwanabibi alifumba macho. Maji yalimpitia usoni, na Fauzia hakuweza kujua yapi ni ya hita.

"Mustafa aliniuliza unasikiaje," alisema. "Nikamwambia unatekenya. Akakaa. Alikuwa haji kukaa, wewe unajua. Basi kila asubuhi nikawa naweka mkono pale, nauma meno, ili akae."

Nyuma ya mlango wa bati Mustafa alisikia kila neno. Alishika ukuta. Amna aliyekuwa anapita na ufagio alimwona baba yake ameinamisha paji la uso ukutani, akarudi alikotoka bila kelele. Muda ukapita. Kisha Mustafa akaifuata ndoo tupu iliyokuwa kisimani, akaileta, akaigeuza mbele ya mlango uliofungwa, akaikalia. Kule sokoni wanawake wa ndoo za mahindi walikuwa wanamngoja na funguo anazo yeye.

"Mama," aliita. "Maji yakoje leo?"

Ndani maji yalipunguzwa kidogo ili asikike. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilitoka taratibu, kama linatoka kwa mtu aliyelala sehemu nzuri.

"Ni mazuri," Bi Mwanabibi alisema. "Hayana kitu ndani yake. Ni maji tu."

Mustafa akafuta uso kwa kiganja.

"Uniulize na kesho," mama alisema.

"Nitakuuliza," alijibu, na hakuinuka.